Tumtambue Mgonjwa Kabla ya Kumtia Umeme

Wahenga walituonya tusimwamshe aliyelala, kwani tukimwamsha tutalala sisi. Onyo hilo lina mahali pake. Hata hivyo, upo usingizi mmoja ambao hakuna jamaa asiyetamani kuuvunja, nao ni ule wa mtu aliyeumia kichwa ajalini, akakimbizwa hospitalini, na sasa ni wiki ya sita hajatamka neno. Macho yake hufunguka asubuhi na kufumba usiku, kifua chake hupanda na kushuka, lakini akiitwa haitiki. Jamaa zake huwa na swali moja tu: je, atarejea?

Katika miaka ya karibuni swali hilo limepata jibu jipya linaloyavutia masikio ya wengi. Inaelezwa kwamba mgonjwa wa aina hiyo anaweza kusaidiwa kwa kupitishiwa umeme hafifu kwenye mishipa ya fahamu, bila kupasuliwa wala kudungwa sindano. Kibandiko huwekwa mkononi, au kibanio kidogo hutiwa sikioni, mashine ikawashwa, na umeme ukaachwa ufanye kazi yake. Habari hizi si porojo, wala si muujiza. Nia yangu katika makala haya ni kueleza yanayojulikana, kisha kutetea jambo moja: kwamba kabla hatujautamani umeme huo, tuna deni kubwa zaidi kwa mgonjwa, nalo ni kutambua yu katika hali gani hasa.

Suala hili halituhusu kwa mbali. Barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na wanaojeruhiwa ni wengi kuliko hao. Abiria wa bodaboda asiyevaa kofia ngumu akianguka, kichwa ndicho hulipa. Hujafa hujaumbika, na kila msomaji wa safu hii, mwalimu kwa mwanafunzi, ana jirani au jamaa aliyewahi kulala katika chumba cha wagonjwa mahututi huku ukoo ukifanya harambee ya kulipia kitanda.

Tuanze na umeme wenyewe. Lugha yetu, mbali na kutumia neno neva, huziita nyuzi hizi mishipa ya fahamu, na jina hilo limebeba hekima. Hiyo ndiyo mishipa inayoupasha ubongo habari za dunia: joto la uji, sauti ya mlango, mguso wa mkono wa mama. Mwaka 1949 wataalamu wawili, Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun, walionyesha kwa majaribio ya paka kwamba umeme ukipitishwa katikati ya shina la ubongo, yaani sehemu inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, mawimbi ya ubongo hubadilika yakafanana na ya mnyama aliye macho. Tangu hapo ikaeleweka kwamba kuwa macho si jambo linalojitokea tu. Mna mtambo katika shina la ubongo unaouchochea ubongo mzima, mithili ya swichi kuu ya nyumba. Swichi hiyo ikizimwa, taa zote huzimika hata kama balbu ni nzima.

Basi anayetaka kuifikia swichi hiyo bila kulifungua fuvu hutafuta mshipa unaoelekea huko. Mishipa miwili ndiyo iliyotajwa zaidi. Wa kwanza ni neva ya vagasi, ambayo jina lake la Kilatini humaanisha mzururaji, kwa kuwa huanzia kwenye shina la ubongo na kutangatanga hadi koo, moyo, mapafu na tumbo. Tawi lake moja dogo hufika kwenye ngozi ya sikio. Mtu anayeshikwa na kikohozi cha ghafla anapojichokonoa sikio huwa ameligusa tawi hilo pasipo kujua. Mshipa wa pili ni neva ya kati ya mkono, ile inayopita katikati ya kifundo na kuvipa hisia kidole gumba na jirani zake. Eneo la ubongo linalohudumia mkono ni kubwa mno likilinganishwa na ukubwa wa mkono wenyewe, na ndiyo sababu watafiti wakaona kuwa mkono ni mlango mwema wa kubisha hodi.

Mwaka 2017 watafiti wa Lyon, nchini Ufaransa, miongoni mwao Angela Sirigu, walitangaza habari za mwanamume wa miaka 35 aliyekuwa amekaa miaka 15 bila kuonyesha dalili ya fahamu baada ya ajali ya gari. Walimpasua, wakampachika kifaa chenye waya uliofungwa kwenye neva ya vagasi shingoni. Baada ya mwezi mmoja wa kuchochewa, alianza kukifuata kitu kwa macho na kugeuza kichwa alipoombwa. Hakuinuka kitandani, wala hakuzungumza. Hata hivyo, kwa mtu aliyekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wasiorudi, hatua hiyo haikuwa ndogo. Ndipo njia ya sikio ikapata wafuasi wengi zaidi: kama tawi la mshipa huohuo liko juu ya ngozi, ya nini kumpasua mtu? Majaribio ya njia hiyo yamefanyika China na katika nchi kadhaa za Ulaya. Mengi yamehusisha wagonjwa wachache, na wachache miongoni mwao ndio walioonyesha mabadiliko.

Kwa upande wa neva ya mkono, ushahidi ni mzito kidogo. Matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika hospitali za China yalichapishwa mwaka 2023. Wagonjwa 329 waliokuwa katika koma baada ya kuumia kichwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipitishiwa umeme kwenye mkono wa kulia pamoja na matibabu ya kawaida, na la pili likapata matibabu ya kawaida pekee. Baada ya miezi sita, asilimia 72.5 ya kundi la kwanza walikuwa wamerejewa na fahamu, ilhali katika kundi la pili walikuwa asilimia 56.8.

Hapa ningewaomba walimu wa hisabati wazisimamishe hesabu hizi ubaoni, kwa sababu zina funzo lisilopatikana katika matangazo ya biashara. Katika kila wagonjwa 100, takriban 57 waliamka bila umeme wowote. Umeme uliongeza 16 hivi juu ya hao. Kumi na sita ni watu. Ni wazazi na watoto wa wenyewe, na hakuna anayepaswa kuwadharau. Lakini sasa mfikirie mchuuzi wa mashine anayewawekea kifaa chake wagonjwa wote 100. Wakiamka 72, familia 72 zitatoa ushuhuda kwamba kifaa ndicho kilichomwamsha mtu wao, ilhali wengi wao wangeamka hata kama kifaa kingebaki sandukuni. Ushuhuda wa aina hiyo si uongo, kwani wanaoutoa wanasema waliyoyaona. Walichokosa ni kundi la pili la kulinganishia.

Kuna tahadhari ya pili. Wagonjwa wa jaribio hilo walikuwa katika siku za mwanzo baada ya kuumia, wakati ambapo ubongo wenyewe ungali unajitahidi kujiponya. Matokeo yao hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mtu aliyelala miaka miwili, wala kwa yule ambaye ubongo wake ulikosa hewa kwa kusimama kwa moyo. Majeraha ya aina hizi hayafanani, na matarajio yake hayafanani. Anayempa mama wa mgonjwa wa miaka miwili takwimu za mgonjwa wa wiki mbili anamdanganya, hata kama kila tarakimu aliyoitaja ni ya kweli.

Hapa ndipo ninapofikia kiini cha hoja yangu. Tunaposema kwa Kiswahili kwamba mtu amepoteza fahamu, tunakusanya chini ya mwavuli mmoja hali ambazo kwa kweli ni mbalimbali. Kuna koma, ambapo macho hayafunguki kabisa. Hali hii mara nyingi haipiti wiki chache. Kuna hali ya pili, ambapo mgonjwa hufungua macho, hulala na kuamka, lakini haonyeshi kwamba anatambua lolote. Bryan Jennett na Fred Plum waliipa hali hiyo jina mwaka 1972, jina la Kiingereza linalotokana na uhai wa mimea. Kutokana na jina hilo, wako wanaomwita mgonjwa mboga, na kwetu wako wanaomwita gogo. Mwaka 2010 kundi la wataalamu lilipendekeza jina lenye staha zaidi, ambalo naweza kulieleza kuwa ni hali ya kukesha bila kuitikia. Kuna hali ya tatu, iliyofafanuliwa rasmi mwaka 2002, ambayo nitaiita ya fahamu hafifu: mgonjwa hutambua, lakini mara moja moja, leo atakifuata kioo kwa macho, kesho asikifuate. Hatimaye yuko yule ambaye fahamu zake ni timamu ila mwili umemfunga. Mfaransa Jean-Dominique Bauby alipatwa na hali hiyo baada ya kiharusi mwaka 1995, akaandika kitabu kizima kwa kupepesa ukope wa jicho la kushoto, herufi baada ya herufi.

Je, kutofautisha hali hizi ni ushindani wa istilahi tu? La hasha. Mwaka 2009 watafiti nchini Ubelgiji waliwachunguza wagonjwa 44 ambao madaktari wao walikubaliana kuwa hawana fahamu yoyote. Walipowapima kwa utaratibu maalumu kando ya kitanda, walikuta 18 kati yao, yaani asilimia 41, wana dalili za fahamu. Hao walikuwa wakizungumziwa vichwani pao kana kwamba hawapo. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake wa Cambridge walimweka katika mashine ya MRI mwanamke wa miaka 23 aliyekuwa haitikii lolote, wakamwambia ajiwazie anacheza tenisi. Ubongo wake ulifanya kazi sawa na wa mtu mzima wa afya aliyeambiwa vivyo hivyo. Mwaka 2010 mgonjwa mwingine aliweza kujibu maswali ya ndiyo na la kwa njia hiyo. Na mwaka 2024 ukachapishwa utafiti wa nchi kadhaa: kati ya wagonjwa 241 ambao hawakuonekana kutii amri yoyote, 60, yaani mmoja katika kila wanne, walikuwa wakizitii ndani ya ubongo wao. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa methali hiyo imethibitishwa kwa mashine.

Uhusiano wa jambo hili na umeme ni huu. Tiba haiwezi kupimwa iwapo aliyetibiwa hakujulikana alikuwa wapi. Ikiwa wagonjwa wanne katika kumi wamepewa jina lisilo lao, basi siku tutakapowafunga vibandiko na kuona mmoja anafuata kioo kwa macho, hatutajua kama ni umeme uliomrejesha au ni mtu aliyekuwapo siku zote, ila hakuna aliyewahi kumletea kioo. Tutausifu umeme kwa kazi ya uangalifu. Aidha, majaribio ya tiba za jinsi hii, ikiwemo ile ya kupitisha umeme juu ya ngozi ya kichwa iliyojaribiwa Liège mwaka 2014, yameonyesha kwamba wenye fahamu hafifu ndio hunufaika zaidi, na wasio na dalili yoyote hunufaika kwa nadra. Kwa hiyo hata anayeuamini umeme kwa moyo wake wote hana budi kuanza kwa kupima.

Najua nitapingwa. Wako watakaosema kwamba nchi isiyo na vitanda vya kutosha vya wagonjwa mahututi haina nafasi ya kujadili mambo ya fahamu. Hoja hiyo ina uzito, nami siibezi. Lakini ichunguzwe vyema. Wabelgiji wale wa mwaka 2009 hawakuhitaji mashine kuwagundua wagonjwa wao 18. Walihitaji kipimo kilichoandikwa karatasini, chenye hatua zinazofuatwa kwa mpango: je, mgonjwa hugeukia sauti, hufuata kwa macho, hutii agizo, hutumia kitu alichopewa? Imebainika kwamba wagonjwa wengi hufuata kioo chenye uso wao wenyewe kuliko wanavyofuata kidole cha daktari, na baadhi hugeukia jina lao kuliko kengele. Tena imebainika kwamba kupima mara moja hakutoshi. Mapendekezo yaliyotolewa mwaka 2017 ni angalau mara tano katika muda mfupi, kama vile wiki mbili, kwa kuwa fahamu hafifu huja na kupotea kama redio yenye betri dhaifu. Kioo, karatasi na subira: hivi vipo hata katika hospitali ya kaunti iliyo mbali na lami.

Wengine watasema kwamba namtia mgonjwa na jamaa zake matumaini ya bure. Ninavyoona mimi, matumaini ya bure ni yale yanayouzwa. Vifaa vya kubana sikioni huuzwa leo mtandaoni, na mwenye simu na uchungu hakosi kuviona. Familia iliyokwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya bili itauza na shamba ikiambiwa kwamba umeme utamwamsha mtoto wao. Kuujua ukweli wa hali ya mgonjwa, hata ukiwa mchungu, ndiko kunakoilinda familia hiyo. Na pale ukweli unapokuwa mtamu, yaani ikagunduliwa kwamba mgonjwa anasikia, kila kitu hubadilika papo hapo bila gharama: muuguzi atamwambia kabla ya kumgeuza, mama atamsimulia habari za nyumbani, dawa ya maumivu haitasahaulika, na hakuna atakayejadili mazishi yake akiwa amesimama kando ya mto wake. Tumezoea kusema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Huyu wetu, kwa mara moja, na aulizwe.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila hospitali inayolaza majeruhi wa kichwa iwe na mtu aliyefunzwa kipimo cha fahamu, na kipimo hicho kirudiwe na kuandikwa, badala ya kuandika siku zote kwamba hali ya mgonjwa haijabadilika. Pili, jamaa wapewe daftari. Wao hukaa naye saa nyingi kuliko daktari, na mara nyingi huona kidole kinachojibu au chozi linalotoka kwa wakati wake. Si kila wanachokiona huwa ni fahamu, kwani mwili una misukumo yake isiyo na dhamira. Lakini kilichoandikwa pamoja na saa na tarehe kinaweza kuchunguzwa, na kilichosimuliwa tu husahauliwa. Tatu, umeme wenyewe usikataliwe, bali uletwe kwa mlango wa mbele: katika utafiti ulioidhinishwa na kamati ya maadili, kwa vifaa vinavyojulikana na Bodi ya Dawa na Sumu, ukiwa na kundi la kulinganishia, na bila kuitoza familia hata senti kwa jambo ambalo bado linajaribiwa. Madaktari wetu wana majeruhi wengi na maarifa ya kutosha ya kuuliza maswali yao wenyewe. Hakuna sababu ya kungoja majibu kutoka Lyon au China milele.

Walimu nao wana sehemu yao. Somo la neva hufundishwa katika biolojia kana kwamba mchoro wa kitabuni ndio mwisho wake, na somo la umeme hufundishwa katika fizikia kana kwamba kazi yake ni kuwasha taa. Mwanafunzi aelezwe kwamba mambo hayo mawili hukutana katika kifundo cha mkono wa mgonjwa. Aelezwe pia jinsi ya kuuliza swali ambalo mchuuzi halipendi: wale ambao hawakupewa dawa yako, walikuwaje? Na katika somo la Kiswahili, wanafunzi watafutiwe, au wajitafutie, majina ya hali hizi nne. Neno mahututi ni zuri, lakini haliwezi kubeba mizigo yote. Lugha isiyo na jina la mtu anayesikia bila kuweza kuitikia itaendelea kumwita gogo, na anayeitwa gogo hatibiwi kama mtu.

Umeme huenda ukaja kutufaa. Mimi ni miongoni mwa wanaoomba iwe hivyo. Mpaka siku hiyo, kazi iliyo mbele yetu haihitaji waya. Yeyote atakayeingia wodini leo kumwona mgonjwa asiyesema, na amsalimu kwa jina lake, ajitambulishe, amshikie kioo usoni, kisha atulie na kutazama. Asipoona kitu, arudi kesho.